Barua ya wazi: nimechoka kuandika neno "hasi"

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya afya,
Kwa wanaopanga manunuzi Bohari ya Dawa,
Kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya,
Kwa waheshimiwa wabunge mnaopitisha bajeti ya afya.

YAH: SINDANO YA ANTI-D KWA MAMA MWENYE DAMU HASI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtu wa maabara katika hospitali ya wilaya. Si daktari, si mkunga, na wodi ya wazazi huwa naingia nikiitwa tu. Kazi yangu iko chumba cha nyuma, chenye kidirisha cha kupokelea vichupa. Siku ya kliniki ya wajawazito nachukua kigae cheupe, nadondosha matone matatu ya damu. La kwanza nalitia dawa ya kupimia A, la pili ya B, la tatu ya D. Nakoroga kwa kijiti, natikisa kigae taratibu, nasubiri. Chembe zikishikana zikafanya punje kama maziwa yaliyokatika, hiyo ni chanya. Tone likibaki laini kama juisi ya rozela, hiyo ni hasi, au "negetivu" kama wasemavyo wodini. Naandika kwenye daftari, naandika kwenye kadi, namwita anayefuata.

Neno hilo nimeliandika kwa karibu miaka thelathini. Nawaandikia kwa sababu ya yale yanayotokea kadi ikishatoka kidirishani kwangu, au niseme yale yasiyotokea.

Niruhusuni nianze na dada yangu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mzima, wa kiume, na leo ana watoto wake. Wa pili alizaliwa akalia vizuri. Kesho yake weupe wa macho ukawa njano kama kiini cha yai. Siku ya tatu akaanza kujikunja mgongo kwa nyuma kama upinde, akaacha kunyonya, na siku ya nne tukamzika. Wa tatu alizaliwa amekufa, kavimba mwili mzima, na wanawake waliomtayarisha kwa mazishi hawakukubali mama yake amwone. Mimba ya nne ilitoka ikiwa na miezi sita.

Kijijini maelezo hayakukosekana. Kwanza lilikuwa chango, akanywa mizizi michungu iliyochemshwa hadi akakonda. Chango lisiposikia dawa likageuka kuwa jini, akachezewa ngoma siku tatu. Jini naye alipokataa kutoka, ikabaki kauli ya mama mkwe: damu ya huyu ni kali, inakula watoto. Nimeifikiria sana kauli hiyo baada ya kusoma, maana yule bibi hakuwa mbali na ukweli kama nilivyodhani. Alichokosa ni nusu ya pili ya habari. Shemeji akaoa mke mwingine, akapata watoto watano mfululizo, na hapo kesi ikawa imekwisha.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, kwenye mafunzo kwa vitendo, dada alipokuja kunitembelea. Nilimchoma kidole kwa sababu nilikuwa najifunza na kila aliyepita karibu yangu nilimchoma. Matone matatu, yote matatu laini. Nikamwambia, "Dada, wewe ni O hasi."

Akaniuliza, "Hasi? Kama ng'ombe aliyehasiwa?"

Mwanafunzi mwenzangu alicheka. Mimi sikuweza. Yeye hakuwa anatania. Miaka kumi watu walikuwa wamemwambia kwa njia moja au nyingine kwamba kizazi chake hakifai, na sasa mdogo wake, aliyevaa koti jeupe, alikuwa anamwambia hivyohivyo kwa neno moja.

Nikamweleza. Na kwa wale mliopewa nakala ya barua hii ambao si watu wa hospitali, naeleza tena kama nilivyomweleza yeye. Chembe nyekundu za damu za watu wengi zimebeba kitu kinachoitwa D. Mwenye nacho ni chanya, asiye nacho ni hasi. Kuwa hasi si ugonjwa, na mtu anaweza kuzeeka nao asijue. Shida inakuja pale mwanamke hasi anapobeba mtoto aliyerithi D kwa baba yake. Katika mimba, damu ya mama na ya mtoto hazina kawaida ya kuchanganyika, kondo la nyuma linakaa katikati kama chandarua. Siku ya kuzaa kondo linabanduka na damu kidogo ya mtoto inapenya kwa mama. Mwili wa mama unaona kitu ambacho haujawahi kukiona, unakichukulia kuwa adui, unatengeneza kingamwili. Wakati huo mtoto wa kwanza keshatoka, analala mgongoni kwa mama yake, hana habari. Mimba inayofuata, kingamwili zile zinavuka kondo na kuanza kuvunja damu ya mtoto aliye tumboni. Damu inayovunjika inaacha rangi ya njano iitwayo bilirubini. Mtoto akiwa tumboni, mama anamsafishia. Akizaliwa, ini lake changa linazidiwa, na njano ikipanda sana inaingia kwenye ubongo. Huyo ndiye mtoto wa pili wa dada. Damu ikivunjika kwa wingi zaidi, mtoto anaishiwa damu tumboni, moyo unashindwa kazi, mwili unajaa maji. Huyo ni wa tatu.

Sindano ya anti-D ni kingamwili zilizokwisha tengenezwa, anachomwa mama mara baada ya kujifungua. Zinafanya kazi ya kufagia uwanja kabla mwenye nyumba hajaamka. Chembe za mtoto zinaondolewa, mwili wa mama unaamka unakuta pasafi, hauna la kukumbuka. Lakini mwenye nyumba akishaamka na kuona, sindano haina faida tena. Kwa dada yangu siku ile ilikuwa imechelewa miaka mingi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hiyo dawa ipo?" Nikasema ipo. "Tangu lini?" Nilikuwa nimetoka kuisoma wiki hiyohiyo, nikajibu bila kufikiri: tangu 1968.

Dada yangu alizaliwa 1967.

Waheshimiwa, naomba mnivumilie kwa historia kidogo, kwa sababu ina jambo linalotuhusu. Mwaka 1939 Philip Levine na Rufus Stetson waliandika habari za mwanamke wa New York aliyezaa mtoto mfu, akatiwa damu ya mumewe, damu ile ikamdhuru. Mwaka uliofuata Karl Landsteiner na Alexander Wiener, wakitumia damu ya kima aitwaye rhesus, wakaipata ile alama ambayo mpaka leo tunaiandika Rh. Miaka ya 1960 makundi mawili yakafikia wazo moja la kuzuia: Liverpool, alikokuwa Ronald Finn pamoja na Cyril Clarke, daktari aliyefuga vipepeo ili asome urithi wa mabawa yao, na New York, walikokuwa Vincent Freda, John Gorman na William Pollack. Watu wa Liverpool walianzia kwenye jambo ambalo sisi wa maabara tunalifahamu: mama wa kundi O akibeba mtoto wa kundi A, kingamwili zake za kawaida dhidi ya A zinaziwahi chembe za mtoto, na mama huyo mara nyingi anaepuka balaa la Rh. Wakajiuliza, kwa nini tusifanye kwa makusudi kile ambacho mwili unakifanya kwa bahati?

Januari 1964, dawa ikiwa bado haijapata kibali popote, Gorman alituma kichupa kwa njia ya posta kutoka Marekani hadi Uingereza. Mlengwa alikuwa mke wa kaka yake, aliyekuwa hasi na anakaribia kujifungua. Mama yule alipata sindano, na akaendelea kuzaa salama. Kibali Marekani kilitoka miaka minne baadaye, na kuanzia hapo haikuwa lazima tena uwe na shemeji anayefanya kazi maabara.

Sasa niwaambie lililonifanya nishike kalamu. Binti yangu naye ni hasi. Haishangazi, damu ni ileile ya nyumbani kwetu. Alipobeba mimba ya kwanza nilikwenda mwenyewe Dar es Salaam, nikazunguka maduka ya dawa ya jumla, nikanunua vichupa viwili kwa pesa ya mkopo wa kikoba, nikarudi na basi la usiku nimekumbatia chombo cha barafu kama mtu aliyebeba samaki. Kimoja alichomwa wiki ya 28 ya mimba, kinga ya kabla ya kuzaa. Cha pili nilikihifadhi kwenye jokofu la maabara, nimekiandika jina lake, mpaka siku alipojifungua. Leo ana watoto wawili. Kwa nini alipata? Kwa sababu baba yake anakaa nyuma ya kile kidirisha. Tanzania ya leo tumerudi Januari 1964: sindano hii inapatikana kwa kujuana.

Katika miezi ileile binti yangu alipokuwa mjamzito, nilimpima mwalimu mmoja wa shule ya msingi. A hasi. Nikaandika, nikamwita anayefuata. Alijifungulia kwingine, kituo ambacho sitakitaja, mtoto akatoka mzima, kesho yake wakaruhusiwa. Hakuna aliyepima damu ya mtoto, hakuna aliyetaja sindano. Mimba ya pili akarudi kwetu, nikampima kingamwili kwa kipimo cha Coombs, nikaendelea kuizimua plazima yake, yale maji ya damu yenye kingamwili, mara mbilimbili, na bado ilikuwa inashika kwenye moja kwa 128, yaani sehemu moja tu ya plazima katika 128. Kwa kawaida moja kwa 16 inatosha kututia wasiwasi. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati katika hospitali ya rufaa, akabadilishwa damu, akalazwa chini ya taa za mwanga wa buluu siku nyingi.

Mtoto yu hai, ila hasikii.

Mama yake alikuja kidirishani na kadi ya ile mimba ya kwanza. Akaweka kidole kwenye mstari wa kundi la damu. "Huu si mwandiko wako?" Nikasema ni wangu. "Ulipoandika ulijua maana yake?" Nikasema nilijua. "Mbona hukuniambia, kaka?"

Jibu la kiutaratibu ninalo. Majibu ya vipimo anayatoa muuguzi wa kliniki, si mtu wa maabara. Muuguzi naye atasema jambo hilo ni la wodi ya wazazi. Wodi itasema dawa haipo. Mfamasia atasema haikuagizwa kwa sababu haiombwi. Na haiombwi kwa sababu wodi inajua haipo. Mduara huo nimeuzunguka miaka yote hii na sijampata mtu mbaya ndani yake. Kila mmoja ana maelezo, na kadi ina neno, na neno halimfanyi mtu yeyote ainuke kwenye kiti.

Tangu siku ile nikaanza kuandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya kadi: ASIRUHUSIWE KABLA YA SINDANO. Wiki ya pili mkunga mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akanijia. "Baba, wekundu wako tumeuona. Sasa sindano yenyewe iko wapi?"

Najua jibu ambalo huwa linatolewa ofisini: hawa ni wachache. Ni kweli. Ulaya watu hasi hufika 15 katika kila 100. Kwetu Afrika Mashariki ni takriban wanne. Lakini hebu tuuhesabu huo uchache. Hospitali inayozalisha akina mama 300 kwa mwezi itakuwa na hasi 12 hivi. Kwa kuwa waume wengi ni chanya, watoto wanane katika kumi watakuwa chanya. Basi vichupa kumi kwa mwezi baada ya kujifungua, kumi na viwili vya wiki ya 28, na vichache vya mimba zilizoharibika. Vichupa ishirini na tano. Vinaenea kwenye boksi la viatu, vinakaa kwenye jokofu kwa nyuzi 2 hadi 8, sawa na chanjo ambazo nchi hii imefanikiwa kuzifikisha hata visiwani na milimani. Ugonjwa wa watu wengi ungewatisha wahasibu. Huu wa wachache ndio ulipaswa kuwa wa kwanza kumalizwa, lakini ndio uliosahauliwa.

Na faida yake si ya kubahatisha. Bila sindano, katika kila wanawake hasi 100 wanaozaa mtoto chanya anayepatana nao kwa kundi la ABO (yale ya A, B na O), takriban 16 watatengeneza kingamwili. Wakichomwa baada ya kuzaa, wanabaki chini ya wawili. Ukiongeza ile ya wiki ya 28, inabaki kama wawili katika kila elfu. Shirika la Afya Duniani limeiweka anti-D kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Sera yetu ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za wajawazito ni bila malipo. Naomba mnisaidie kuelewa: mama anapoambiwa "nenda duka la dawa katafute" saa chache baada ya kujifungua, huku kanga zake bado zimelowa, hiyo tunaiita nini?

Gharama ninaifahamu, nimeilipa. Dawa hii haitoki kiwandani kama panadol, inatoka kwenye plazima ya watu wenye kingamwili hizo. James Harrison wa Australia, aliyepewa damu nyingi akiwa kijana kwenye upasuaji wa kifua, alianza kuchangia 1954 na akaendelea mpaka 2018, mara 1,173, na plazima yake ikatumika kutengenezea anti-D. Alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 88. Afrika Kusini wanaitengeneza wenyewe, karibu na Durban, kutokana na wachangiaji wao. Sisi tuna Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Sisemi tujenge kiwanda kesho. Nasema tukinunua kwa pamoja, nchi nzima kwa mkupuo mmoja, badala ya baba mmoja na chombo chake cha barafu, bei itasikia.

Kuna jambo la saa 72 ambalo nataka lieleweke vizuri, kwa sababu linaumiza watu kwa pande mbili. Kanuni inasema sindano ichomwe ndani ya saa 72 baada ya kuzaa. Mkijua namba hiyo ilikotoka mtashangaa. Kundi la New York lilifanya majaribio kwa wafungwa wa kiume waliojitolea katika gereza la Sing Sing. Uongozi wa gereza haukuwaruhusu watafiti kuingia kila walipotaka, basi sindano ikachomwa saa 72 baada ya wafungwa kutiwa damu chanya. Ikafaa. Ratiba ya gereza ikawa kanuni ya wodi za wazazi dunia nzima. Mapema ni bora, hilo halina ubishi. Lakini Uingereza miongozo yao inasema mama aliyechelewa apewe hata siku ya kumi, kwa kuwa kinga pungufu ni bora kuliko kukosa. Huku kwetu nimeona mama aliyesafiri siku ya nne, pesa kakopa, akaambiwa muda umeisha, arudi nyumbani.

Upande wa pili ni huu: saa 72 zinaanza kuhesabika mama akiwa bado mikononi mwetu, na sisi tunamruhusu zikiwa bado arobaini na nane. Damu ya kitovu cha mtoto naweza kuipima kwa dakika kumi. Mkunga akinijazia kichupa kimoja kabla hajamfunga mtoto nguo, mama ataondoka na jibu. Hakihitajiki chombo kipya wala mtaalamu kutoka nje. Linahitajika agizo lenye sahihi yenu kwamba mama hasi haruhusiwi kabla damu ya mtoto haijapimwa.

Wanaosahaulika zaidi ya wote ni wale ambao hawakuondoka na mtoto. Mimba ikiharibika, ikitunga nje ya kizazi, mama akianguka au kupigwa tumboni akavuja damu, damu za mama na mtoto zinaweza kukutana vilevile. Mama huyo anasafishwa, anapewa dawa za maumivu, anarudi nyumbani kimyakimya kwa mlango wa nyuma, na mara nyingi kadi yake hata haifunguliwi. Ninapokuta kingamwili kwa mwanamke anayesema hii ni mimba yake ya kwanza, huwa nauliza kwa sauti ya chini kama kuna iliyotoka. Mara nyingi ipo. (Huwa simwulizi mbele ya mumewe. Mtu wa maabara anajua mengi ya nyumba za watu, na kazi yake nusu ni kunyamaza. Ndiyo maana sipendi ule ushauri mwepesi wa "mpimeni na mume, akiwa hasi msihangaike na sindano." Una mantiki kwenye kitabu. Kwenye benchi la kliniki unaweza kuvunja ndoa.)

Wapo pia wasichana waliotiwa damu utotoni. Malaria kali inamaliza damu, mtoto anafikishwa hoi, damu hasi haipo, anapewa chanya ili aishi. Uamuzi ni sahihi, hata mimi ningeufanya. Lakini msichana hasi aliyepewa damu chanya akiwa na miaka minne anaweza kufika kliniki miaka ishirini baadaye kingamwili tayari anazo, na mtoto wake wa kwanza ndiye atakayeumia. Kwa hiyo mama hasi apimwe Coombs kwenye hudhurio la kwanza, hata kama ni mimba ya kwanza, na arudiwe wiki ya 28 kabla hajachomwa. Vitendanishi vya kipimo hicho vikikatika, kama vinavyokatika mara kwa mara, mimi nabaki na kigae na kijiti tu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023. Kitita cha mafao ndicho kinachoamua nini kitakuwepo kwenye rafu na nini mama ataambiwa akatafute. Anti-D iandikwe humo kwa jina lake, ya wiki ya 28 na ya baada ya kujifungua, isifichwe ndani ya "dawa nyingine". Waganga wakuu wa wilaya, nyinyi msisubiri kitita. Ombeni vichupa vitano tu vya kuanzia kwa ajili ya dharura, mpeane kati ya vituo kama mnavyopeana damu. Na wanaoandaa kadi ya kliniki, pale penye nafasi ya kundi la damu ongezeni mistari mitatu chini yake: kundi la mtoto, tarehe ya sindano, sahihi ya aliyechoma. Nafasi tupu yenye kidoti cha sahihi inamsumbua mtumishi wa umma kuliko hotuba yoyote. Mimi mwenyewe ni mtumishi, najua.

Jambo la mwisho ni la lugha. Mama anapopewa neno "hasi" bila maelezo, analipeleka nyumbani likiwa tupu, na nyumbani litajazwa. Litajazwa chango, litajazwa jini, litajazwa "damu zenu haziivani, mwanangu, tafuta mwingine." Siku hizi namwita kila mama mwenye jibu hilo aingie ndani, akae kwenye stuli, nimweleze kama nilivyomweleza dada. Inanichukua dakika nane. Foleni nje inanung'unika, na mkuu wangu wa kitengo amenisema mara mbili. Kuna mmoja mwezi uliopita alinisikiliza, akatoa simu, akampigia mumewe palepale akaweka sauti kubwa, akaniambia, "Rudia maneno hayo na yeye ayasikie." Nikarudia. Yule bwana akauliza swali lile alilouliza dada yangu, la kama dawa ipo.

Kesho ni Jumatatu, siku ya mahudhurio ya kwanza. Wiki zilizopita walikuja kati ya thelathini na arobaini. Dawa yangu ya kupimia D imebaki nusu chupa, na kwenye jokofu la maabara, ile rafu niliyokuwa nimeweka kichupa chenye jina la binti yangu, hakuna kitu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa maabara, hospitali ya wilaya.

Nakala: Wakunga wote wa wodi ya wazazi. Mwalimu wa A hasi, kama nilivyomwahidi.